Nyaya za Amplifaya ya Sufiani

Jumatatu ile, jua likiwa karibu kuzama, nilitoka kwenda kwa Gautam kununua waya. Mita nane tu, wa rangi yoyote. Nilimwacha Mwamini nimemlaza ubavu, nimemwekea mto mgongoni asirudi chali, nimemfunika shuka mpaka kiunoni. Nikamwambia nakwenda na kurudi. Hakujibu. Mwamini alikuwa na mwaka na miezi minane hajajibu kitu.

Mie naitwa Gharibu, fundi redio hapa Kibiti tangu enzi za redio za mbao. Siku hizi redio hazitengenezwi, zinatupwa, kwa hiyo natengeneza chaja, feni na taa za sola. Mke wangu alipigwa na kiharusi akiwa anapepeta mchele uani. Upande wa kulia wote ukafa, mkono na mguu, na ulimi ukaenda nao. Binti yetu ni mmoja tu, Faudhia. Ameolewa Dar, ana watoto wadogo watatu, akija anakaa siku nne. Siku zilizobaki ni mie. Kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kumlisha uji, kumwosha, kumbadilisha. Sisemi haya ili nisifiwe. Nasema mjue nilikuwa katika hali gani, maana mtu aliyelala vizuri asingefanya nilichofanya. Nilikuwa nimechoka mpaka nikisujudu nasahau kuinuka.

Gautam alikuwa anataka kufunga. Duka lile lilikuwa la baba yake, na waya hukosi kwake hata siku moja. Akaanza kupima, huku akiuliza ni kazi ya nani hiyo inayokula waya mwingi namna ile. Nikamwambia ni amplifaya ya gitaa, zile za zamani zenye taa za kioo ndani. Imetoka Mbuchi, kwa Bi Johari.

Mkono wake ukasimama.

"Ya Sufiani?"

"Hiyo hiyo."

Akasema ilinunuliwa pale pale dukani, baba yake ndiye aliyeiagiza, mwaka sitini na saba. Nikamweleza kwamba inavuma na kukwaruza, nyaya zake zimeoza, nazibadilisha zote. Gautam si mtu wa kukosa neno. Kila siku ananitania kwamba nitazikwa na testa mfukoni. Siku ile hakutania. Akakunja waya, akanipa.

"Ukimaliza, irudishe kwao haraka," akasema. "Mimi nisingeilaza kwangu."

Nikamwuliza kwa nini. Akavuta mlango wake wa bati, akasema nimsalimie Mwamini.

Sasa niwaeleze huyo Bi Johari. Alikuja Jumamosi iliyotangulia, mama wa miaka sabini na kitu, amelitoa lile sanduku la amplifaya Mbuchi kwa boti ya mashine na kulimalizia safari kwa pikipiki. Lilikuwa limeviringishwa mkeka na kanga mbili, na lilinuka ubani. Sufiani alikuwa mumewe, mpiga gitaa wa bendi ya vijana wakata mikoko kule delta. Mie mwenyewe niliwahi kumwona jukwaani Utete nikiwa kijana. Alikuwa shoto. Gitaa alilishika kinyume, vidole vya mkono wa kulia ndivyo vilivyobonyeza nyuzi, na vilikwenda mbio hata macho yalishindwa kuvifuata. Alikufa zamani, bado kijana. Mjane wake akaitunza amplifaya. Kila Alhamisi baada ya Alasiri huiwasha, bila gitaa, bila chochote, akaiacha ivume mpaka Magharibi, kisha akaizima. Zamani kwa jenereta, sasa kwa sola. Alinieleza hayo kama mtu anayeeleza habari ya kuwanywesha mbuzi maji.

Kisha akanishika mkono.

"Sikiliza, mwanangu. Nyaya badilisha, zimekwisha. Lakini kila fundo utakalolikuta, kwenye waya mpya ulifunge vilevile, pale pale. Usitoe wa pili kabla hujaufunga wa kwanza. Na za zamani nirudishie zote."

Nikaitika. Sikuona ajabu yoyote. Kila fundi anajua kwamba waya wa umeme unapoingia ndani ya sanduku hupigwa fundo, ili mtu akiuvuta kwa nje usichomoke. Nikadhani ndilo analosema. Wazee huwatazama mafundi wakifanya kazi, wakashika jambo moja, wakaling'ang'ania miaka arobaini. Isitoshe, wakati ule alipokuwa akinieleza, akili yangu ilikuwa chumbani. Saa ya kumgeuza Mwamini ilikuwa imepita.

Jumanne baada ya Adhuhuri nikaifungua.

Meza yangu ya kazi iko chumba cha mbele, na kitanda cha Mwamini kipo nyuma ya pazia, hatua nne. Nilifungua skrubu za mgongoni, nikatoa ubao, nikategemea harufu ninayoijua, ya vumbi lililoungua. Haikuwa hiyo. Ilinuka tope. Tope la mikoko, bichi, la maji yaliyokupwa sasa hivi.

Nikasema, ndiyo, imetoka delta, inuke nini?

Masanduku yale huficha umeme hata ukiyachomoa ukutani, kwa hiyo nilitia bisibisi kwenye kapasita kwanza kuumaliza. Paa! Cheche ikaruka. Nikatazama waya wa umeme: fundo lipo, zuri, la fundi anayejua kazi. Nikatoa waya, nikatia mpya, nikapiga fundo jipya vilevile, pale pale. Nikajiona nimetimiza sharti la bibi, nimemaliza.

Ndipo nikaingia kwenye nyaya za sauti. Zilikuwa za kizamani, zimevikwa nguo, na nguo ile ukiigusa inapukutika. Katikati ya waya wa kwanza nikakuta fundo. Dogo, limekazwa sana, na ndani yake kumebanwa kitu cha kijivu, mfano wa majivu. Waya wa sauti haupigwi fundo, jamani. Fundo pale ni kuukaribisha mvumo. Nikasema kumbe ndiyo maana inalia, fundi gani mlevi aliyeifanyia hivi. Nikaukata, koleo likapita katikati ya fundo.

Pumzi ya moto ikanipita vidoleni.

Na nyuma ya pazia...

Tk.

Mfano wa ukucha juu ya ubao wa kitanda. Nikasikiliza. Lori likapita barabarani, likaenda zake. Kimya. Nikasema ni mjusi. Nikachukua waya mpya, nikauchomea, umenyooka safi.

Waya wa pili, fundo tena. Nikakata.

Tk.

Wa tatu, hivyo hivyo. Siwezi kuwadanganya, kwenye wa tatu maneno ya Bi Johari yalinijia. Kila fundo, alisema. Nikakaa na koleo mkononi. Lakini nikafikiri, nikiyarudisha haya mafundo sanduku litarudi kwao linavuma vilevile, na watu watasema Gharibu amezeeka, hajui tena kazi. Kazi ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho ambacho nilikuwa nikikianza, nakimaliza. Nikakata. Nikakata la nne. Nikakata la tano. Vipande vya zamani nikavitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kwa kuwa aliniambia nimrudishie.

Tk... tk... tk.

Magharibi ilipokaribia nikaiwasha. Haikuvuma hata kidogo. Nikaweka sikio kwenye spika, kimya, safi. Wallahi kifua kilinijaa. Muda huo huo umeme ukakatika, mtaa mzima, kama kawaida yetu.

Taa za kioo za amplifaya zikabaki zinawaka.

Hilo si ajabu. Hukaa na joto lake kidogo, kisha zikafifia. Nikahesabu. Kumi. Ishirini. Nikafika sitini. Zilikuwa zinazidi mwanga.

"Fundi."

Ilitoka nyuma ya pazia.

Ilikuwa sauti ya Mwamini, lakini nzito, imekwaruza kwa kukaa sana. Nikavuta pazia. Alikuwa ameketi kitandani, miguu yote miwili chini, mgongo umenyooka. Hanitazami. Anautazama mkono wake wa kulia, anaufumba, anaufumbua, kidole kimoja kimoja.

"Nimelala sana, fundi," akasema.

Nikapiga magoti mbele yake. Nililia, sioni haya kusema. Nilimshika magoti nikalia mpaka nikakohoa.

"Usiniite fundi, Mwamini. Mimi si fundi kwako. Mimi Baba Faudhia. Miaka thelathini na moja unaniita Baba Faudhia, umenisahau?"

Akaniangalia kitambo. Midomo yake ikacheza kwanza bila sauti, inalijaribu.

"Baba Faudhia."

"Ndiyo. Ndiyo, mke wangu."

"Umechoka, Baba Faudhia. Lala."

Nikalala. Pale pale, kwenye kitanda chake, sikuswali hata Magharibi. Nikaamka jua limeshatoka, shingo inaniuma kwa usingizi, na hakuna mtu wa kugeuza. Nyumba imefagiwa. Sufuria zimesuguliwa zinang'aa. Chai iko mezani.

Siku mbili tatu zile zilikuwa sikukuu. Majirani walijaa uani wakimshukuru Mungu. Faudhia kwenye simu alilia, akaapa atakuja mwisho wa mwezi na watoto. Na mie nililala. Nililala baada ya Alfajiri, nikalala baada ya chakula cha mchana, nikalala mapema jioni. Amplifaya niliifunika mkeka wake nikaisukuma pembeni. Ningekuwa na akili ningejiuliza maswali. Sikuwa na akili, nilikuwa na usingizi.

Ijumaa alfajiri nikaamka kwenda msikitini, nikamkuta uani anafagia. Hapakuwa na jani. Alikuwa ameufagia ule uwanja mpaka udongo mwekundu umetokeza, na bado anafagia. Nikakumbuka kwamba upande wake wa godoro ulikuwa baridi. Na jana yake ulikuwa baridi. Nikaanza kumtazama. Chakula anapakua, anakaa nacho, hali. Na ule mkono wa kulia haukutulia. Kwenye mpini wa ufagio, kwenye ukingo wa sahani, hata begani kwangu, vidole vilibonyeza, vikaachia, vikasogea, vikabonyeza, gumba likishikilia kwa nyuma. Nilikuwa nimeuona ubonyezaji ule mara moja tu maishani mwangu, Utete. Mwamini hajawahi kushika gitaa.

Tena alinuka tope.

Jumamosi mashavu yalikuwa yameingia ndani, macho mekundu, kanga inamzunguka karibu mara tatu. Nikamwuliza, kwa upole, kama amelala. Akasema alikwisha kulala sana.

Niliogopa. Niliogopa kweli. Na jioni ile, pamoja na hofu yangu yote, nikaenda kulala. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko mengine.

Jumapili baada ya Alasiri Bi Johari akapiga hodi. Mwamini ndiye aliyemfungulia. Yule bibi hakumtazama uso, alimtazama mkono. Akaingia taratibu, akanisogelea, akaninong'oneza.

"Hajalala toka lini huyu?"

"Jumanne."

Akakaa chini sakafuni, palepale aliposimama. Akaomba nyaya za zamani. Nikampa kopo. Akavitoa vipande vile, akavipanga juu ya kanga yake, vipande vya mafundo vilivyokatwa katikati. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Akanisimulia kwa sauti ya chini, huku Mwamini akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Sufiani alianguka kutoka juu ya mkoko akikata nguzo, mkono wake wa kulia ukafa. Siku moja akaingia peke yake ndani ya mikoko, akakaa siku tatu, akatoka na mkono mzima. Zaidi ya mzima. Alikutana na nani kule, hakumwambia mtu, hata mkewe. Ndipo alipokuwa Sufiani yule ninayemjua mie. Akapiga gitaa siku ishirini na mbili, bila kulala, bila kula, watu wanamshangilia. Mganga wa Dimani alipoitwa aliuliza jina la kilichomkalia, hakupewa. Akasema kitu hiki hakitoki ndani ya mtu kwa ngoma, lakini kinaifuata sauti mpaka pale inapotokea, na pale kinaweza kushikwa. Akakifunga ndani ya amplifaya. Fundo moja kwa kila kidole.

"Fundo la tano lilipokaza, mume wangu akalala," Bi Johari akasema. "Hakuamka. Tulichelewa, mwili ulikuwa umeshakwisha."

Tangu siku hiyo anakilisha mvumo kila Alhamisi, kisisikie njaa. Na mie nilikuwa nimekifungulia mlango hatua nne kutoka kwa mkono uliokufa.

"Ukifunga leo, utampata mkeo kama alivyokuwa. Ukingoja, utamzika."

Kama alivyokuwa. Nilielewa maana yake. Ni kugeuza kila saa mbili. Ni uji. Ni kuongea peke yangu nyumba nzima. Bi Johari alikaa akiningoja nijibu, na niseme ukweli wangu, sikujibu upesi.

Kisha nikainuka, nikaiweka amplifaya mezani, nikawasha kifaa cha kuchomea.

Mwamini akaja akasimama kwenye pazia. Hakupiga kelele, hakukimbia. Alinitazama tu. Nikakata waya wa Gautam, nikatazama kipande cha zamani jinsi kilivyofungwa, nikapiga fundo la kwanza. Bi Johari akasoma sura ya Falaki kwa kunong'ona, akapulizia. Nikachomea.

Tk.

Kidole gumba cha Mwamini kikalegea.

La pili. Kidole cha mwisho kikaanguka, na goti likakunjika. Bi Johari akawahi kumdaka, akamkalisha mkekani. La tatu, cha pete. La nne, cha kati, na mdomo ukaenda upande, vilevile ulivyokwenda siku ile ya kupepeta mchele. Nikayaangalia macho yake. Yalikuwa macho ya mke wangu. Yana machozi.

Adhana ya Magharibi ikaanza. Bi Johari akasema nimalizie la mwisho, yeye anakwenda uani kutia udhu kabla wakati haujapita. Akatoka.

Tukabaki wawili. Waya mmoja mkononi mwangu. Kidole kimoja hai, kimelala juu ya paja lake.

"Baba Faudhia."

Alinong'ona, kwa ule mdomo uliopinda.

"Niachie kimoja. Cha shahada."

Mnakijua kidole hicho. Ndicho Mwislamu anachokiinua kwenye tahiyatu akishuhudia kwamba Mungu ni mmoja. Mwaka na miezi minane nilikuwa nikiswali ubavuni mwa kitanda chake, yeye akifuata kwa macho, na tukifika mahali pale nilikuwa nakishika kidole chake kilichokufa, nakiinua mie kwa mkono wangu. Hakuna aliyejua jambo hilo ila sisi wawili. Mume gani atamnyima mkewe kidole hicho? Na kitu kibaya, nikajiuliza, kitataka nini na kidole cha shahada?

Nikauchomea waya wa tano ukiwa umenyooka.

Nikarudisha ubao, nikakaza skrubu zote. Bi Johari akaingia, maji yanamdondoka viwikoni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bi."

"Yote?"

"Yote."

Mwamini alikuwa amelala tayari, pale mkekani, anakoroma. Bi Johari akamfunika kanga yake mwenyewe, akanishika bega, akasema Mungu atanilipa. Asubuhi akaondoka na sanduku lake kurudi Mbuchi.

Sasa ni mwezi wa tano tangu siku ile. Mwamini hakufa, alhamdulillahi, na hakukonda zaidi. Faudhia alikuja, akamkuta vile alivyomzoea, akalia upya, akakaa siku nne. Nimerudia kugeuza. Nimerudia uji. Mchana kutwa Mwamini yuko kimya, haitiki, hatikisiki. Lakini kila jioni, nikimaliza swala ya Magharibi, ananiita. "Baba Faudhia." Basi. Siku nyingine anaongeza, "Umechoka." Nami huitika, nikamweleza siku yangu ilivyokwenda, kazi gani imekuja, Gautam kasema nini. Sijui mtaniona vipi, lakini nimezoea. Siku nzima naivumilia kwa ajili ya dakika ile.

Mwezi uliopita Bi Johari alinipigia simu. Akasema Alhamisi zote hizi anaiwasha, na haivumi. "Imetulia mno, mwanangu. Sanduku tupu." Nikamwambia ni kwa sababu ya nyaya mpya. Kisha akaniuliza tena kama niliyafunga yote. Nikamwambia yote.

Wiki hiyo hiyo, nikiwa namgeuza Mwamini, jambo likanijia nikaacha mikono hewani. Siku ile ya kwanza aliniita fundi. Jina la Baba Faudhia ni mie niliyempa. Nilipiga magoti nikampa, na akalijaribu mdomoni mbele ya macho yangu kabla hajalitamka. Habari ya kidole cha shahada sikumwambia mtu, hiyo bado naishikilia. Lakini kitu kilichokaa siku tano ndani ya mwili wake kingeshindwa nini kukijua anachokijua yeye?

Waya ninao mfukoni. Nimeshaupiga fundo, la tano, kwa kufuata kipande cha zamani, ni kuuchomea tu. Mbuchi ni safari ya siku moja. Kila asubuhi nasema nitakwenda kesho, nitafute kwanza mtu wa kukaa na mgonjwa, na mvua ipungue.

Jua likizama natia udhu, natandika msala ubavuni mwa kitanda. Nikifika kwenye tahiyatu nainua kidole changu, na najua haifai kuangaza macho ndani ya swala, lakini naangalia cha kwake. Miezi mitano sasa. Hakijainuka hata jioni moja. Kinabonyeza. Kinabonyeza shuka, kinaachia, kinasogea kidogo, kinabonyeza tena. Macho yake yamefumba, kidole hakilali, na chumba kinaanza kunuka tope.

Natoa salamu kulia, natoa salamu kushoto. Kisha nakaa palepale juu ya msala, nangoja kuitwa.